Doksi, Malarone au Lariam: umeze ipi ukitoka Nakuru kwenda ziwani?

Ilikuwa Ijumaa, saa tisa alasiri. Kijana aliingia kwenye duka la dawa ninakouza amevaa fulana ya matanga, ile yenye picha ya marehemu kifuani, begi mgongoni. Matatu ya Siaya ilikuwa inajaza abiria pale steji. "Dada, nipe ile antibayotiki ya malaria, haraka." Nikamwuliza ni ipi. "Yoyote tu. Amoksilini mko nayo?"

Amoksilini tunayo, lakini haimzuii mtu kupata malaria. Flagyl pia haizuii, na vile vidonge vilivyobaki kwenye droo baada ya mtoto kuumwa sikio havizuii. Antibayotiki ambayo msafiri hupewa kama kinga ni moja, doksisaiklini, na sisi wa kaunta tunaiita doksi. Inashindana na dawa mbili ambazo si antibayotiki. Ya kwanza ni atovakwoni na proguanili zilizochanganywa katika kidonge kimoja, ambayo watu wengi bado huiita Malarone hata kama pakiti ina jina jingine. Ya pili ni meflokwini, maarufu kama Lariam.

Zote tatu, zikimezwa ipasavyo, hukinga kwa kiwango kinachokaribiana, na hakuna inayokinga kwa asilimia 100. Kwa hiyo swali la "ipi ina nguvu zaidi" ambalo huulizwa kila Desemba halina maana sana. Mimi huuliza maswali mengine: unaondoka lini, unakaa siku ngapi, na ukisharudi Nakuru utakumbuka kumeza hadi lini? Hilo la mwisho ndilo huwaangusha wengi.

Nani anahitaji kumeza?

Nakuru iko kama mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu, kando ya Ziwa Victoria, iko mita 1,100 na ushei. Kimelea cha malaria huhitaji joto ili kikomae ndani ya mbu, na baridi yetu ya usiku hukichelewesha hadi mbu anakufa kabla hajakuwa na cha kumwambukiza mtu. Ukishuka kutoka Kericho kuelekea Awasi na Ahero, unahisi joto likiingia dirishani. Umeshaingia nchi nyingine kwa upande wa mbu. Busia, Siaya, Homa Bay, Migori na Kisumu ndiyo ngome za malaria Kenya, na mambo huchacha zaidi baada ya mvua.

Wanaobisha zaidi ni wenyeji wa asili. "Mimi ni wa Bondo, malaria hainitishi." Ni kweli kwamba aliyekulia ziwani akiumwa na mbu mara kwa mara hujenga kinga fulani. Lakini kinga hiyo hudumishwa na kuumwa huko huko. Ukikaa mjini kwetu miaka kadhaa, inapungua bila kukuaga. Watoto wako waliozaliwa hapa hawakuwahi kuwa nayo. Kwa mbu wa Yala wao ni wageni sawa na mtalii aliyeshuka ndege jana, hata kama wanasema Kijaluo kuliko bibi yao.

Anayeishi kule mwaka mzima ni habari nyingine. Hatakiwi kumeza dawa za msafiri maisha yake yote. Yeye kinga yake ni neti, kupimwa mapema na matibabu. Na ukienda Kisumu asubuhi kwa kazi ya ofisi ukarudi kabla ya magharibi, mimi sikuuzii kitu. Mbu wa malaria huuma hasa kuanzia jua linapozama hadi alfajiri.

Tatizo ni usiku. Neti ni nzuri, lakini nani amewahi kukesha matangani ndani ya neti? Watu hukaa chini ya turubai hadi asubuhi, wengine hulala kwenye viti vya plastiki miguu ikiwa wazi, na disko matanga haina mlango wa kufunga. Kwa safari za namna hii dawa ya kinga ina thamani kuliko hata kwa likizo ya kulala hotelini mjini Kisumu.

Kwa nini moja ni siku 7 na nyingine ni siku 28

Mbu akikuuma, vimelea havianzi kukuchemsha papo hapo. Hukimbilia kwenye ini, hukaa huko kama wiki moja au zaidi vikiongezeka, kisha humwagika kwenye damu. Homa huja hapo.

Atovakwoni na proguanili huvikuta vimelea kule kule kwenye ini. Kwa hiyo unaanza siku 1 au 2 kabla ya safari, unameza kila siku ukiwa huko, halafu siku 7 baada ya kurudi. Kazi imekwisha.

Doksi haiwezi kutegemewa kwenye ini, inasubiri damuni. Na namna inavyoua inanifurahisha kila nikiieleza. Ndani ya kimelea cha malaria kuna kiungo kidogo kilichorithiwa, zama za kale kupita kiasi, kutoka kwa kiumbe cha jamii ya mwani. Kiungo hicho bado kina mitambo inayofanana na ya bakteria. Ndiyo maana antibayotiki, dawa ya bakteria, inaweza kumgusa mdudu ambaye si bakteria. Doksi huikwamisha mitambo hiyo. Kimelea hakifi hapo hapo. Kinaweza hata kuzaa, ila kizazi chake hutoka kikiwa kilema na kufa. Ni dawa ya polepole. Kwa sababu hiyo haitumiki peke yake kumtibu mgonjwa ambaye tayari anatetemeka, na kwa sababu hiyo hiyo lazima iwepo damuni wiki 4 baada ya kuondoka ziwani, ili kila kimelea kinachotoka kwenye ini kiikute imekaa mlangoni. Mtu mzima humeza miligramu 100 kila siku, akianza siku 1 au 2 kabla.

Meflokwini nayo husubiri damuni, kwa hiyo mkia wake pia ni wiki 4. Tofauti ni kwamba humezwa mara 1 kwa wiki, na huanzwa wiki 2 hadi 3 kabla ya safari.

Tuhesabu vidonge

Nimechukua safari tatu ninazoziona sana, kwa mtu mzima, nikihesabu siku 1 ya kutangulia kwa zile za kila siku na wiki 2 kwa meflokwini:

| Safari | Doksi | Atovakwoni na proguanili | Meflokwini |
|---|---|---|---|
| Mazishi, siku 4 | 33 | 12 | 7 |
| Desemba, siku 21 | 50 | 29 | 9 |
| Muhula chuoni Maseno, siku 105 | 134 | 113 | 21 |

Linganisha doksi na atovakwoni na proguanili. Tofauti ni vidonge 21 kila mara, uwe umekwenda siku 4 au miezi 3, kwa sababu inatokana na mkia peke yake. Kwa mazishi, hiyo 21 ni mzigo: unakaa siku 4 na kulipia mwezi mzima. Kwa muhula, 21 haionekani.

Sasa pesa. Kidonge cha doksi ni rahisi sana. Cha atovakwoni na proguanili ni ghali mara kadhaa. Ili hiki cha pili kiwe nafuu kwa safari ya mazishi, bei yake isingepaswa kuzidi ya doksi mara 2.75. Inazidi, tena kwa mbali. Kwa safari ya Desemba kizingiti kinashuka hadi kama mara 1.7, na kwa muhula karibu 1.2. Yaani kwa shilingi tupu doksi haishindwi na mtu. Inashindwa na kalenda. Ukiwa umerudi Nakuru, umepona uchovu, huoni mbu, hujisikii vibaya, nani atakukumbusha kidonge cha siku ya 19? Nimewaona watu walioacha siku waliyoshuka kwenye matatu, "si nimesharudi?", na wakaanza kutapika wiki ya pili. Hao ni kama hawakumeza kitu. Pesa yao ya doksi ilikwenda na maji.

Kusahau nako hakulingani. Doksi hupungua damuni karibu nusu kila siku, kwa hiyo ukiruka siku umejiachia pengo. Atovakwoni hukaa zaidi, siku 2 hadi 3 ndipo ifike nusu, na inamsamehe kidogo msahaulifu. Meflokwini hukaa wiki kadhaa, jambo ambalo ni zuri mpaka siku ikukatae.

Namna zinavyousumbua mwili

Doksi ina mambo matatu ya kuheshimu.

Kwanza ni koo. Niliwahi kuimeza usiku kwa funda moja la chai ya mwisho kikombeni, nikajitupa kitandani. Kidonge kikagota katikati ya kifua na kuanza kuchoma umio. Siku tatu nilimeza mate kama anayemeza kokoto, na mimi ndiye niliyekuwa nikiwashauri wengine! Imeza na glasi nzima ya maji, ukiwa umekaa au umesimama, na usilale kwa nusu saa au zaidi. Wakati mzuri ni baada ya mlo wa mchana.

Pili ni jua. Ngozi huungua upesi kuliko kawaida. Watu hudhani hili ni la wazungu peke yao. Weusi pia huungua, na mwenye ualbino asiiguse bila kuzungumza na daktari. Ukienda kuvua au kutembea kwa mashua kutoka Dunga, jua linakupiga juu na linakurudia kutoka majini. Vaa kofia na mikono mirefu.

Tatu ni tumbo na fangasi. Antibayotiki haichagui, inaua pia bakteria wema. Wengine huhara, na wanawake wengine hupata muwasho wa ukeni. Kwa aliyewahi kuteswa na fangasi kila akimeza antibayotiki, hiyo pekee inatosha kumpeleka kwenye dawa nyingine.

Kuna pia jambo la chai. Maziwa hupunguza doksi inayoingia damuni, na vidonge vya madini ya chuma au dawa za kiungulia zenye kalsiamu, magnesi au alumini huipunguza zaidi. Ziachanishe kwa saa kadhaa. Atovakwoni, kinyume chake, inataka mafuta ndipo iingie vizuri, kwa hiyo chai nzito ya maziwa na mandazi ni rafiki yake. Ndugu wawili wanaweza kukaa meza moja, kikombe kimoja kikamfaa huyu na kumharibia yule.

Atovakwoni na proguanili ndiyo pole kuliko zote. Huleta kichefuchefu au kuumwa kichwa kwa baadhi ya watu, basi. Mwenye figo zilizodhoofika sana haimfai, na anayemeza rifampisini ya kifua kikuu hatapata kinga ya kutosha kwa sababu dawa hiyo huiondoa atovakwoni mwilini. Rifampisini huishusha doksi pia, hivyo mgonjwa wa TB aende kwa daktari wake.

Meflokwini siiuzi kwa moyo mweupe. Huweza kuleta ndoto za kutisha, kizunguzungu, wasiwasi, huzuni, hata kuona visivyokuwepo, na kwa wachache athari hizo hudumu baada ya kuacha dawa. Mwaka 2013 Marekani iliiwekea onyo lake kali kabisa. Aliyewahi kuugua sonona, wasiwasi mkubwa, kifafa au ugonjwa wa mapigo ya moyo asiimeze, na sitampa dereva wa matatu. Wiki zile 2 au 3 za kutangulia zipo pia ili ujue mapema kama inakukataa. Na hapo ndipo inapojitoa kwenye safari za msiba: kifo hakipigi hodi wiki tatu kabla.

Dawa ambazo watu huzibeba kimakosa

AL, yaani artemetha na lumefantrini, ni tiba: vidonge 24 kwa mtu mzima, kwa siku 3, baada ya kupimwa na kukutwa na malaria. Artemetha iliyomo huisha mwilini kwa saa chache. Kumeza AL "ya kujikinga" kabla ya kupanda gari ni kufunika chungu kabla ya kutia maji. Klorokwini ilishindwa na vimelea vyetu zamani; Kenya iliacha kuitegemea kama tiba ya kwanza mwaka 1998. Anayekuletea kutoka kwenye kabati la mjomba, mshukuru na uitupe.

SP, yaani salfadoksini na pirimethamini, hutolewa kliniki kwa wajawazito wanaoishi maeneo ya ziwa na pwani. Si dawa ya safari. Septrin (kotrimoksazoli) ndiyo antibayotiki ya pili inayostahili kutajwa: wanaoishi na virusi vya UKIMWI wanaoimeza kila siku hupata pia ulinzi fulani dhidi ya malaria, na kwa sababu hiyo mjamzito anayemeza Septrin haongezewi SP. Lakini huo ni mpango wa kliniki, usiuige kwa safari. Na chanjo iliyoanza kutolewa Kenya Septemba 2019 huko Homa Bay ni ya watoto wadogo wa maeneo ya malaria, dozi kadhaa kwa miezi mingi. Haikusaidii kwa Krismasi hii.

Wasiopaswa kuchagua dawa kaunta

Mjamzito wa kutoka mlimani, ushauri wangu wa kwanza ni aahirishe. Malaria kwa mjamzito humgusa mama na mtoto. Kama lazima aende, doksi haifai, atovakwoni na proguanili kwa kawaida haipendekezwi, na meflokwini, hiyo hiyo niliyoisema vibaya, ndiyo daktari anaweza kumwandikia. Dunia ina vituko.

Mtoto wa chini ya miaka 8 asipewe doksi, hutia rangi meno yanayokua. Madaktari wengine husubiri hadi 12. Atovakwoni na proguanili ipo ya watoto na hupimwa kwa uzito, kawaida kuanzia kilo 11, ingawa miongozo mingine huanzia kilo 5. Usimkatie mtoto kidonge cha baba kwa kisu cha jikoni. Mwenye selimundu (sickle cell) huenda tayari anameza proguanili kila siku. Aende nayo kwa daktari wake aulize kama inatosha kwa safari hiyo.

Ningechagua hivi

Kwa mazishi ya siku tatu hadi tano, mwenye uwezo achukue atovakwoni na proguanili, kwa sababu ya mkia mfupi tu. Kwa mwezi wa Desemba ninayumba: mtu mwenye nidhamu na mfuko mwembamba, doksi, msahaulifu, ajinyime nyama wiki moja alipie atovakwoni na proguanili. Kwa muhula au kazi ya miezi, doksi, bila kusitasita, baada ya kuonana na daktari. Kwa familia yenye watoto wadogo, hata bei ikiuma, doksi haipo mezani, na afadhali watu wazima wameze ile ile ya watoto ili nyumba nzima iwe na tarehe moja ya mwisho.

Tarehe hiyo mimi huiandika kwa kalamu nyekundu juu ya pakiti. Ukirudi 27 Desemba, cha mwisho cha doksi ni 24 Januari. Cha atovakwoni na proguanili ni 3 Januari. Na ukipata homa wakati wowote katika miezi 3 baada ya kurudi, hata kama hukuruka siku, nenda ukapimwe siku hiyo hiyo na useme "nilikuwa Busia" kabla hujaulizwa. Hapa Nakuru mhudumu anayekuona unakohoa kidogo anaweza kufikiria mafua kwanza.

Yule kijana wa fulana ya matanga alizihesabu noti zake mara mbili. Hakuwa na ugonjwa wowote, hakuwa anameza dawa nyingine, na daktari wa zahanati ya pembeni alimwandikia doksi upesi. Nikampa vidonge 32, kwani siku ya kutangulia ilikuwa imeshampita, cha kwanza akakimeza palepale na chupa nzima ya maji huku kondakta akimwita. Ijumaa, wiki mbili kamili baadaye, alipita mbele ya duka. Nikamwuliza amebakisha vingapi. Akacheka, akatoa pakiti mfukoni, akahesabu.

"Kumi na tisa, dada."

Vilipaswa kuwa kumi na saba.